Wauza rimu na ekzosi wa mtandaoni, hivi vipimo vinawauma nini? Mark X yangu ipo Tabora, haipo studio

Wakuu, habari za jioni. Huwa nasoma tu nyuzi humu na kupita zangu, ila leo niacheni niteme nyongo. Modereta, tafadhali usiuunganishe huu na ule uzi wa "tupia picha ya gari yako", maana kilichonileta ni picha hizo hizo.

Gari ni Toyota Mark X, toleo la GRX130, injini 4GR, V6 (silinda sita) ya cc 2,499, imeshuka bandarini mwaka huu, haina hata mkwaruzo. Najua atakuja mjuaji aseme hiyo siyo gari ya misuli, misuli ni Mustang na Challenger, V8 ya Kimarekani. Sawa mzee. Ilete Mustang yako mitaa ya Ipuli mvua ikishanyesha tukuone. Sisi huku V6 inayosukuma kwa nyuma ndiyo misuli yetu. Kiwandani ilitoka na nguvu za farasi 203, na hizo ni za usawa wa bahari. Tabora tuko karibu mita 1,200 juu, hewa nyepesi, na injini isiyo na tabo (ile pampu ya kusukumia hewa) inapoteza kama moja ya kumi ya nguvu zake hata ungeifanyia tambiko.

Nilitaka kitu kimoja tu. Gari imekuja na matairi 215/60R16, yaani ya rimu za inchi 16, nikataka niende inchi 18. Wala si ubunifu wangu, Toyota wenyewe GRX130 ya spoti waliitoa na 235/45R18. Pigeni hesabu: tairi la kwanza lina kipenyo cha milimita 664 hivi, la pili 669. Karibu sawa. Spidomita haidanganyi, tumbo la gari halishuki, na ubavu wa tairi unabaki kama sentimita kumi na nusu, unatosha kwa mashimo yetu.

Nikaingia kwenye ukurasa wa muuzaji mmoja wa Dar, wafuasi kibao, kila asubuhi anaposti "mzigo mpya umeingia". Nikamwandikia kila kitu: nati tano, PCD (kipenyo cha duara la nati) milimita 114.3, tundu la kati milimita 60.1, ofseti (umbali wa uso wa kufungia kutoka katikati ya upana wa rimu) isipungue milimita 40, upana inchi 8. Jibu likaja: "Bosi wangu tuma picha ya gari tukuchagulie chuma." Nikamwambia kaka, picha ya nini tena, vipimo si hivyo hapo juu? "Usijali bosi, hizi zinaingia Mark X zote." Nikauliza, ofseti yake ngapi? Akanitumia video ya Crown nyeupe inazunguka kwenye vumbi na amapiano juu. Nikauliza tena. Akasema dukani kuna wateja wengi, ofseti "ni ile ya kawaida". Nikamjibu kwa maandishi, na maandishi ninayo mpaka leo, kwamba nalipia inchi 18 yenye ofseti kuanzia 40, kama hana aseme. Akasema "zipo bosi, lipia tupakie". Milioni moja na laki nne ikaenda.

Mzigo umeshuka stendi hapa Tabora, nafungua boksi: inchi 19. Ofseti 20, imepigwa chapa nyuma ya rimu, herufi kubwa, hata babu yangu asiye na miwani anaisoma. Tundu la kati 73.1. Na kwa vile ni mtu mkarimu sana, kaweka na matairi "ya zawadi", 235/35R19.

Wasioelewa kwa nini napiga kelele, subirini kidogo. Ofseti ikishuka kutoka arobaini na kitu mpaka 20, rimu inatoka nje zaidi ya sentimita mbili. Ukiwa peke yako utaona imependeza. Pakia watu wanne na gunia la mchele kwenye buti, gonga tuta moja, tairi inasaga ukingo wa fenda. Bearing nazo zinabebeshwa uzito mahali ambapo hazikutengenezewa kuubeba. Tundu la kati ni balaa jingine. La Toyota ni 60.1 ili rimu ikae juu ya habu yenyewe, kile kitovu inachofungiwa. Ukiweka ya 73.1 bila pete ya kujazia ile nafasi, rimu inategemea nati peke yake kukaa katikati, na ukifika kilomita themanini usukani unaanza kutetemeka. Utazungushwa kwa mafundi, mara balansi, mara tairodi, na hela inatoka, kumbe kinachokosekana ni pete ya elfu chache ambayo muuzaji hakutaka hata kuitaja. Nati pia! Rimu nyingi za kiwandani za Toyota zinafungwa kwa nati yenye washa bapa, hizi za kununua zinataka nati ya koni. Ukifunga ya bapa kwenye tundu la koni, unatembea na gurudumu ambalo halijashikwa sawasawa. Hivi na hili ni siri ya serikali?

Hiyo 235/35R19 kipenyo chake ni milimita 647. Gari inashuka karibu milimita tisa kabla hujagusa springi, spidomita inasoma zaidi ya mwendo wako halisi, na ubavu wa tairi ni sentimita nane tu. Sentimita nane, Tabora! Shimo la kwanza baada ya lami kuisha rimu inapinda.

Matairi ya zawadi nikageuza nikasoma ile namba ya DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Yalikuwa 1617, yaani wiki ya 16 ya mwaka 2017. Yamepakwa dawa yanang'aa, lakini ukikunja ubavu unaona nyufa. Rimu zenyewe zina stika ya "JAPAN". Nikatafuta alama ya JWL, ile ya kiwango cha rimu za aloi cha Kijapani ambayo huwa imetoka na kalibu yenyewe. Haipo. Stika tu.

Nikazipeleka kwa fundi wangu wa Kanyenye, mzee wa makamo, hana ukurasa wowote mtandaoni. Kachukua tepu kapima, kageuza rimu, kasoma, kaiweka chini. "Mwanangu, hizi nikikufungia leo, kesho utanilaumu mimi na siyo aliyekuuzia." Akakataa kazi, na hela ya kufunga nilikuwa nimeishika mkononi. Huyo ndiye fundi.

Kumrudia muuzaji: "Mali ikishauzwa hairudishwi bosi." Nikamtumia maandishi yake mwenyewe. Akaniita msumbufu, akanibloku. Haya, kwa faida ya wengine: kile kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi" hakifuti sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Nimeagiza 18 umeleta 19, hapo hakuna mjadala wa "msumbufu". Na wale wa vipuri vyenye majina ya kughushi, Tume ya Ushindani ndiyo yenye kazi ya kukamata bidhaa bandia. Nimeanza kuandika malalamiko, na nitaandika mpaka mwisho.

Sasa msidhani nawaonea wa Dar peke yao. Huku huku Tabora kuna vijana wamefungua gereji, kila Mark X ikiingia wimbo ni mmoja: "Kaka toa masega, gari ipumue." Masega ni kile kisafishio cha moshi kwenye ekzosi. Ukiuliza bei, wanakwambia kazi bure. Bure! Fundi gani wa nchi hii analala chini ya gari saa nzima bure? Ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu. Anayekutolea bure anaondoka na mali yako kwenye kiroba, wewe unabaki na bomba tupu na taa ya injini inawaka. Hii ni V6, ina benki mbili za silinda, kwa hiyo kompyuta itakupa kodi ya hitilafu P0420 na mwenzake P0430, moja kwa masega ya kila benki. Watakwambia usijali tunazima taa kwenye kontroli boksi. Kwa hiyo siku hitilafu ya kweli ikija, utaijulia wapi?

Na hiyo nguvu wanayoisema, "farasi arobaini papo hapo", iko wapi? Injini hii haina tabo. Ukibadili bomba la mwisho unapata kelele na labda farasi wa kuhesabu kwa vidole. Kelele yenyewe ukienda Nzega kwa mwendo wa kawaida inakuvumia kichwani njia nzima, abiria wanapayuka kusalimiana. Mimi napenda mlio wa V6, sikatai, ni mtamu. Ila uziwe kama mlio, usiuzwe kama nguvu.

Halafu ile filta ya hewa ya koni, wanayoiita uyoga. Hapa ndipo nawashangaa zaidi, maana anayekufungia naye anaishi Tabora na vumbi la Agosti analijua. Boksi la kiwandani linavuta hewa ya mbele, ya nje. Wewe unalitoa, unaweka koni wazi katikati ya injini iliyochemka ivute hewa ya moto. Hewa ya moto ni nyepesi. Nguvu inapungua, mlio unaongezeka, mteja anasikia "vuuu" anadhani kaongezewa. Zile za pamba ya mafuta nazo, mafuta yakizidi yanakwenda kukaa kwenye sensa ya hewa, kompyuta inasoma vibaya, unaletewa kodi za hitilafu P0171 na P0174. Na 4GR inajulikana kwa kuota masizi kwenye valvu za kuingizia hewa, kwa sababu petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda na haiziogeshi valvu zile. Injini ya namna hiyo ndiyo unataka kuilisha mchanga?

Kukata springi sitaki hata kuongelea. Springi iliyokatwa haikai vizuri kwenye kiti chake, gurudumu likining'inia inaweza kuchomoka, basi. Taa za LED za elfu thelathini ndani ya taa ya halojeni zinampofua anayekuja, na usiku barabara zetu zina baiskeli za mkaa zisizo na hata kiakisi. Na vile vifuniko vya plastiki vyekundu vya kupachika juu ya kalipa, vyenye jina la kampuni kubwa ya breki ya Italia, jamani, ni plastiki. Kalipa inatakiwa itoe joto, wewe unaivika kofia.

Kinachonichoma ni kwamba hiyo Marekani ya Mustang mnayoiposti kila siku, mtu hanunui hivi. Mwenye gari anafungua katalogi anaandika mwaka, modeli na injini, anapewa namba ya kipuri. Kule California kipuri cha kuboresha gari kinachogusa mfumo wa kudhibiti moshi mchafu hakiruhusiwi barabarani mpaka kiwe na namba ya kibali kutoka mamlaka ya hewa ya jimbo. Mmechukua stika zao na kelele zao, mkaacha namba. Sisemi tufike huko kesho. Nasema andika ofseti na tundu la kati chini ya picha. Ni maneno mawili! Yameandikwa nyuma ya rimu, huhitaji hata kupima.

Mzee wa Kanyenye kaniambia hela iliyobaki tuanze na mafuta ya breki. Gari imekaa, haijulikani mara ya mwisho yalimwagwa lini. Yanafyonza unyevu na kiwango cha kuchemka kinashuka. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 yanavumilia angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka, ya DOT 4 nyuzi 230, kwa hiyo namwaga ya zamani yote naweka DOT 4. Kisha pedi nzuri, kisha shokapu za nyuma ambazo zimeanza kuvuja. Rejeta ioshwe, na matairi mapya niliyoyasoma tarehe mwenyewe. Hakuna hata kimoja kitakachopata "like" mtandaoni, na kwa mteremko wenye ng'ombe chini ndivyo navyovitaka. Ekzosi itasubiri.

Wewe muuzaji unajijua, na najua unapita humu kwa jina lingine. Rimu zako zipo kwenye boksi hazijafungwa hata siku moja, gharama ya kuzirudisha na basi ni yako. Rudisha hela yangu.

Na kama kuna mdau ana rimu za inchi 18 za kiwandani za GRX130, awe Tabora, Shinyanga, Mwanza au hata Kigoma, aje inboksi. Atume picha ya nyuma ya rimu, ya mbele abaki nayo. Akiwa na nati zake ishirini tunaongeza bei.