MREJESHO: Uvimbe kwenye titi la dada

Habari wakuu. Niliuliza kama uvimbe usiouma kwenye titi la dada ni wa kupuuzia. Asanteni mliomkazania aende hospitali.

Mamografia (eksirei ya titi) na ultrasaundi zilitia shaka, wakampiga ganzi, wakachukua vinyama kwa sindano nene (inalia "tak!" kama stepla, anasema). Jibu: saratani, hatua ya kwanza. Kumbe kazi haiishii hapo. Maabara hupima pia kama seli za saratani zina vipokezi vya homoni (sehemu ambazo homoni hujishikiza na kuzichochea zikue) na HER2 (protini inayochochea ukuaji, ikizidi). Yeye ana vya homoni, HER2 hasi, na hilo ndilo lililoamua dawa.

Wametoa uvimbe tu, titi limebaki. Tezi za kwapani zilizopimwa ni safi. Sasa yuko kwenye mionzi, kisha tamoksifeni (dawa inayozuia homoni isichochee saratani), kidonge kila siku, miaka isiyopungua 5. Kemotherapi haikuhitajika.