Mrejesho: stempu ya ushuru iliyogongwa PAKISTAN

Ndugu zangu, niliuliza iwapo stempu yangu ya ushuru ya India ya ana moja (sehemu ya kumi na sita ya rupia), yenye sura ya Mfalme George VI na neno PAKISTAN lililogongwa juu yake ili itumike katika nchi hiyo mpya mwaka 1947, ni ya kweli, na kwa nini ina michirizi ya kalamu. Nawashukuru sana kwa majibu yenu. Michirizi hiyo ni saini, kwa kuwa Sheria ya Stempu ya India ya 1899 ilitaka risiti ya fedha zinazozidi rupia 20 ibandikwe stempu, kisha stempu ibatilishwe, kwa mfano kwa kuandika juu yake, isitumike tena. Kwa lenzi nimeona P imejaa wino na N imefifia, dalili ya muhuri wa mkono, tofauti na chapa nyoofu ya mtambo wa Nasik, kiwanda cha serikali ya India cha kuchapa stempu. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba saini, yenye tarehe ya Novemba 1947, imepita juu ya muhuri huo, yaani neno PAKISTAN liligongwa kabla ya stempu kutiwa saini. Sitaibandua kwenye risiti yake.