Silikanti ni ndugu yetu kuliko changu? Naomba ufafanuzi

BintiKigombe:
Wakuu habari za saa hizi. Juzi baba mdogo kanionesha picha ya zamani kwenye simu yake, samaki anaitwa silikanti aliyenaswa na wavu wa jarife huku kwetu Kigombe, Tanga. Jamani lile pezi la mbele sio kama la changu, limetoka nje na nyama yake kama kijimkono cha mtoto halafu mwishoni ndo kuna vile vijiti. Sasa mwalimu wa baiolojia wa mdogo wangu kawaambia silikanti yuko karibu zaidi na binadamu kuliko na changu. Hapo nikagoma. Wote wana magamba, wote wanaishi majini, mi naingiaje? Na kama ni babu yetu mbona bado yupo mpaka leo?

Jahazi_Pangani:
Mwalimu yuko sahihi dada, ila silikanti sio babu, wengi ndo wanakwama hapo. Ni binamu. Babu ni samaki mwingine aliyeishi zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita na hayupo tena, kizazi chake ndo kikagawanyika, upande mmoja wakatokea silikanti, upande mwingine mapezi yakaja kuwa miguu, ndo vyura, mijusi, kuku, ng'ombe na sisi humo humo. Tawi la changu lilikuwa limeshajitenga kabla ya huyo babu. Udugu hauangalii sura wala mnakoishi, unaweza ukawa na binamu Lushoto anavaa sweta kila siku na jirani hapo Kigombe mnakula sahani moja, lakini mliotoka kwa bibi mmoja ni wewe na yule wa Lushoto.

Shika bega lako, mkono unaanza na mfupa mmoja. Pezi la silikanti nalo limeshikwa na mfupa mmoja hivyo hivyo, la changu haliko hivyo. Na mwaka 1987 mtafiti Hans Fricke na wenzake walimfuata na nyambizi ndogo kule Komoro wakaona anapeleka pezi la mbele la kushoto pamoja na la nyuma la kulia halafu anabadilisha, yaani kama mjusi anavyotembea ukutani! Mi kila nikikumbuka hilo nasisimka.

FundiNyavu:
Naongezea. Pomboo watu wanamwita samaki, kumbe ananyonyesha, anapanda juu kuvuta hewa, na ndani ya pezi lake kuna mifupa ya vidole kabisa, ukiwaacha nyangumi wenzake ndugu yake wa karibu aliye hai ni kiboko. Na kamongo wa Ziwa Victoria yuko karibu nasi kuliko hata silikanti, vinasaba vilivyosomwa vikatangazwa 2013 vilionesha hivyo.

Wavuvi wenzangu tupunguze jarife za kina kirefu. Wataalamu walidhani silikanti wameisha tangu zama za dainosaria mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini 1938, na sisi Tanga tunao hapa hapa, hifadhi yao imetangazwa tangu 2009. Anazaa watoto hai na anakawia sana kukua, ukimtoa mmoja kurudisha idadi sio leo.

BintiKigombe:
Asanteni sana, la bibi mmoja limenikaa. Kwa hiyo changu ndugu yake ni papa?

Jahazi_Pangani:
Hapana, tawi la papa lilijitenga mapema zaidi, tena yeye hana mifupa ana gegedu tupu. Changu yuko karibu na wewe kuliko na papa.