Mashine ya kukanyagia ndani, mita ya wati au kocha: nianze na kipi kabla ya safari ndefu?

Kanyaga_Pole:
Habari zenu, wanajukwaa. Nimejiandikisha kushiriki safari ndefu ya baiskeli, na muda uliobaki ni kama miezi mitatu. Fedha niliyotenga inatosha kitu kimoja tu kati ya vitatu: mashine ya kukanyagia ndani, ile ambayo gurudumu la nyuma huondolewa na cheni ikafungwa moja kwa moja kwenye mashine; mita ya wati ya kwenye pedali, yaani kifaa kinachopima nguvu unayokanyagia; au kocha wa kuniandalia mpango kwa njia ya mtandao. Tatizo langu kubwa ni ari, kwa kuwa kuna juma ninapanda karibu kila siku na kuna jingine baiskeli inakaa ukutani tu. Naomba waliokwisha kutumia vitu hivi wanishauri.

Spoki36:
Ndugu, hujatueleza lililo muhimu. Safari hiyo ni ya kilomita ngapi, na je, ina kikomo cha muda? Unapata saa ngapi kwa juma, na umewahi kwenda umbali gani kwa mkupuo mmoja? Anayejiandaa kwa breve, yaani safari ndefu ya baiskeli yenye kikomo cha muda, ya kilomita 200, ambayo kikomo chake ni saa 13 na nusu, hana mahitaji sawa na wa kilomita 600 aliyepewa saa 40, kwa sababu huyo wa pili atakanyaga usiku kucha na pengine kusinzia kidogo njiani.

Kanyaga_Pole:
Ni kilomita 300 na kikomo ni saa 20. Kwa juma napata saa sita hivi, nyingi zikiwa za jioni baada ya giza kuingia. Nimewahi kufika kilomita mia moja na ushei bila taabu kubwa.

Torki:
Chukua mita ya wati na usitazame nyuma. Tangu mhandisi wa Kijerumani Ulrich Schoberer aanze kutengeneza mita za aina hii mwaka 1986, hakijapatikana kifaa kinachomweleza mpanda baiskeli ukweli upesi zaidi. Mapigo ya moyo huchelewa kupanda, na asubuhi ya safari hupandishwa na wasiwasi tu, ilhali wati huonekana papo hapo. Utafanya jaribio la kukanyaga kwa nguvu zako zote kwa dakika 20, utachukua asilimia 95 ya wastani wako kuwa makadirio ya kiwango unachoweza kukihimili kwa takribani saa nzima, kisha siku ya safari utajizuia ubaki chini kabisa ya hapo. Wengi huharibikiwa katika saa mbili za mwanzo kwa kufuata kundi lenye kasi, na namba hiyo ndiyo itakayokuzuia.

MamaGia:
Torki, mwanangu, kilomita 300 kwa saa 20 ni wastani wa kilomita 15 kwa saa, tena pamoja na vituo vyote. Hapo hakuna suala la wati. Suala ni kukaa juu ya tandiko muda mrefu na kula kwa wakati. Akiba ya wanga iliyomo katika misuli na ini huisha baada ya saa chache za kazi ya wastani, hivyo inambidi azoeze tumbo lake kupokea kama gramu 60 za wanga kwa saa, na wanaochanganya glukosi na fruktosi hufikia hata 90. Mazoezi hayo ya tumbo hayahitaji kifaa chochote. Mpanda baiskeli Mfaransa Charles Terront alishinda mashindano ya Paris–Brest–Paris ya mwaka 1891, umbali wa takribani kilomita 1,200, kwa chini ya siku tatu, naye hakuwa na mita wala gia za kubadilisha.

Kwa hali yake ya jioni za giza, mimi ningenunua mashine ya ndani. Humo hakuna mteremko wa kupumzikia wala taa za barabarani za kusubiri, kwa hiyo saa moja inakuwa na kazi nyingi kuliko saa moja ya nje. Asisahau feni kubwa tu, kwa kuwa pasipo upepo mwili hupata joto upesi na mtu hudhani amechoka.

Torki:
Mama, Terront alifika, lakini wengi walioanza naye mwaka huo hawakufika.

Kilima_Kiko_Pale:
Kabla hamjampeleka kwa kocha, naomba nieleze yaliyonipata. Niliajiri kocha kwa njia ya mtandao kwa ajili ya safari inayofanana na hii. Alinitumia fomu ndefu, nami nikaeleza kila kitu: saa za kazi, goti la kushoto lenye historia ya maumivu, na kwamba siku za katikati ya juma sipati zaidi ya saa moja. Mpango ulipofika ulikuwa na mazoezi ya saa tatu kila Jumatano, na juu ya ukurasa wa pili palikuwa na jina la mtu mwingine. Nilipomuuliza alisema ni kosa la uchapaji, akabadilisha jina na kuiacha Jumatano vilevile. Goti lilipoanza kuuma upande wa mbele nilimwandikia mara kwa mara, na jibu lake likawa kwamba maumivu ni sehemu ya maandalizi. Rafiki yangu ambaye si kocha wa mtu yeyote alinitazama nikikanyaga, akapandisha tandiko kidogo, na maumivu yakaanza kupungua, kwa kuwa tandiko lililo chini mno huelemea goti kwa mbele. Fedha ya mkataba haikurudishwa.

Spoki36:
Pole sana, ila huyo alikuwa muuza karatasi, hakuwa kocha. Kocha wa kweli hukuuliza juma lilikwendaje kabla ya kukupangia linalofuata. Kwa mtu ambaye shida yake ni ari, kama alivyosema mwenyewe, kuwepo kwa mtu anayesubiri taarifa yake kunaweza kufanya kazi kuliko kifaa chochote.

MamaGia:
Kazi hiyo huifanya pia mwenzake wa kukanyaga naye Jumamosi alfajiri, bila mkataba. Na siku ambazo hajisikii, avae nguo, apande kwa dakika kumi, ndipo aamue. Mara nyingi akishaanza hatashuka.

Torki:
Narudi kwenye wati. Katika safari ndefu, hasa penye joto, mapigo ya moyo hupanda taratibu hata kama kazi haijaongezeka. Asiye na mita atapunguza mwendo bila sababu.

MamaGia:
Sababu ipo: mwili una joto na maji yamepungua. Mita itamwambia aendelee, moyo utamwambia anywe maji. Mimi nausikiliza moyo.

Cheni_Kavu:
Mnabishana kuhusu vifaa, nami naona hatari kwenye kalenda. Yeyote atakayechagua chochote, afanye safari moja ya karibu kilomita 200 kama wiki tatu kabla, kisha katika wiki mbili za mwisho apunguze wingi wa mazoezi kwa karibu nusu, akibakiza vipande vifupi vya nguvu. Wenye wasiwasi hufanya kinyume chake, wakajaribu kulipia wiki walizopoteza, nao hufika mstari wa kuanzia wakiwa hoi.

Kanyaga_Pole:
Nashukuruni. Nimeanza kuvutiwa na mashine, ila ninaishi ghorofani na jirani wa chini hupenda kulala mapema.

Spoki36:
Hilo nalo ulipaswa kulisema mwanzo! Mashine za aina hiyo zenyewe hazina kelele nyingi, lakini mtikisiko hupenya sakafu hata ukitandika mkeka mzito wa mpira.

Cheni_Kavu:
Na kabla hajalipa, atuambie gurudumu lake la nyuma lina gia ngapi, kwa sababu kaseti, yaani seti ya gia za nyuma, ya kwenye mashine ni lazima ilingane nayo, la sivyo kila siku atakuwa akirekebisha kibadilisha gia.

Kanyaga_Pole:
Nitahesabu nikifika nyumbani. Nadhani ni kumi, au kumi na moja.