Waandaaji wa safari Mwanza, acheni kuwauzia watu "kuogelea" kwenye chemchemi inayochemka

Ndugu wanajukwaa,

Naomba niliweke hili wazi tangu mwanzo. Chemchemi za Sempaya si mahali pa kuogelea, na mtu anayekusanya fedha za wakazi wa Mwanza kwa ahadi ya kuwapeleka huko "kuoga maji moto msituni" anachezea maisha ya watu. Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha, kwa kuwa katika kundi letu walikuwamo watoto.

Kwa wasiopafahamu, Sempaya imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Semuliki, wilayani Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, upande ambao milima ya Rwenzori inashuka kuelekea mpaka wa Kongo. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1993, ina ukubwa wa kilomita za mraba 220, na msitu wake ni mwendelezo wa msitu mkubwa wa Ituri. Ni msitu wa bondeni, wenye joto, unyevu na tope, na katikati yake ndipo maji yanapochomoza kutoka ardhini. Chanzo cha joto hilo ni Bonde la Ufa lenyewe: maji huzama kwenye nyufa hadi kina kirefu, yakapashwa moto na miamba, kisha yakapanda tena juu. Yanapotokeza yanachemka. Waongozaji wa hifadhi hutaja nyuzi joto 103 za Selsiasi, na hata asiyeamini kipimo hicho ataamini mayai, kwa sababu wageni hupeleka mayai mabichi, yakatumbukizwa pale pembeni, na baada ya dakika kama kumi yakatolewa yameiva hadi kiini.

Sasa lisomeni tangazo tulilotumiwa kwenye kundi la WhatsApp. Lilikuwa na picha ya maji ya samawati, angavu kiasi cha kuonyesha mizizi iliyo chini, mtini mkubwa ukiwa umeinamia, na kamba ya kurukia ikining'inia kwenye tawi. Yeyote aliyewahi kufika Chemka, kule Hai mkoani Kilimanjaro, hahitaji kuambiwa picha hiyo ilipigwa wapi. Chemka watu huogelea kweli, na maji yake, pamoja na jina hilo, hayamchomi mtu. Mwandaaji wetu aliichukua picha ya Kilimanjaro akaibandika kwenye safari ya Bundibugyo, na chini yake akaandika kwamba kila mmoja aje na nguo za kuogelea na taulo, kwamba watoto wanakaribishwa, na kwamba maji ni safi, hayana kichocho.

Hilo la kichocho ndilo lililoniudhi kuliko yote. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria tunajua maana yake: mzazi wa Igoma au wa Kirumba anamkataza mwanawe kuogelea ziwani, ziwa ambalo mtoto analiona kila siku ya maisha yake, kwa kuhofia ugonjwa huo. Kwa hiyo mtu akija na ahadi ya maji ya uvuguvugu ambayo mtoto anaweza kuingia bila wasiwasi, mzazi huyo atajinyima na atalipa. Mwandaaji aliijua hofu hiyo, akaigeuza mtaji.

Sitalalamikia safari yenyewe. Kutoka stendi ya Nyegezi, kuvuka daraja la Kigongo–Busisi, kupita Geita na Biharamulo hadi Bukoba, kisha Mutukula na kuendelea hadi Fort Portal, ni mwendo mrefu unaochosha, lakini kila mtu aliujua kabla ya kulipa. Ninalolalamikia ni kwamba katika saa zote hizo ndani ya gari hakuna aliyesimama akatuambia tunakokwenda kuna nini. Watoto waliimba njia nzima juu ya kuogelea, na mwandaaji, aliyekaa kiti cha mbele, alikuwa akiwaitikia.

Tulipofika, mwongozaji wa hifadhi alituuliza kwa mshangao taulo ni za nini. Alitueleza taratibu kwa upole na kwa ukamilifu, akatutaka tumfuate nyuma kwa nyuma bila kutoka kwenye njia. Katika chemchemi inayoitwa ya kike, maji yanaruka kutoka ardhini bila kupumzika, mvuke wenye harufu ya salfa unakujaa usoni, na kuzunguka hapo kuna utando mweupe wa chumvichumvi unaofanana na sakafu kavu. Si sakafu. Mahali pengine ni ganda jembamba tu, na chini yake kuna maji yanayotokota. Mvulana mmoja wa kundi letu, taulo begani na viatu tayari mkononi, alikatisha njia akaelekea kwenye ganda hilo. Mwongozaji alimdaka kwa ukosi wa shati. Mguu mmoja wa mtoto ulikuwa umeshakanyaga ukingo, na mama yake alikaa chini palepale, hakuweza kusema neno kwa muda mrefu.

Wapo watakaosema kwamba mtoto hakuungua, kwa hiyo yameisha. Hayajaisha. Maji ya kuoga yanayompendeza mtu huwa na nyuzi joto 38 hadi 40. Yakifika 60, sekunde 5 zinatosha kuiunguza ngozi ya mtu mzima hadi tabaka za ndani, na ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi. Hapo hatujafika hata kwenye maji yanayochemka. Katika Hifadhi ya Yellowstone huko Marekani, penye uzio, mabango na askari wa kutosha, zaidi ya watu 20 wamekufa kwa kuunguzwa na chemchemi za namna hii tangu mwishoni mwa karne ya 19, na baadhi yao waliingia kwa kudhani wanaweza kuoga. Sisi tulikuwa ndani ya msitu, mbali na hospitali yoyote kubwa, na gari letu halikuwa hata na sanduku la huduma ya kwanza.

Tulipomkabili mwandaaji, jibu lake lilikuwa kwamba tuliahidiwa maji moto na maji moto tumeyaona. Tuliporudi Mwanza na kuomba turejeshewe sehemu ya fedha, tuliondolewa kwenye kundi mmoja baada ya mwingine, na tangazo lilelile, kwa picha ileile, likatumwa upya kwa ajili ya safari inayofuata. Ndiyo maana sikuweza kunyamaza.

Na mtu asinielewe vibaya: Sempaya ni pahali pa ajabu, na ningemshauri yeyote mwenye nafasi aende. Njia ya mbao inayopita kwenye kinamasi hadi chemchemi ya kiume, mvuke ukipanda juu ya bwawa pana huku ndege wakilia msituni, inatosha kabisa kumtoa mtu Mwanza bila kumwongopea. Angeandika tu: "Tunakwenda kutazama chemchemi inayochemka, hairuhusiwi kuingia majini, vaeni buti, watoto washikwe mkono." Wengi wetu tungelipa vilevile.

Ninachokitaka ni kwamba tangazo hilo liondolewe leo, na waliokwisha kulipia safari ijayo waambiwe ukweli na waachwe wachague kurudishiwa fedha zao. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kwa maelezo ya uongo, na malalamiko yetu tunayaandaa kwa ajili ya Tume ya Ushindani. Mwandaaji anayefanya biashara hii pia anatakiwa kuwa na leseni ya utalii. Tuliomba kuiona yake, hatukuonyeshwa.

Tangazo la awali ninalo, pamoja na risiti za malipo. Kama nawe uliuziwa safari hii au umeshalipia ijayo, niandikie faragha utaje tarehe ya malipo na picha uliyotumiwa, ili jina lako liingie kwenye barua kabla haijapelekwa.