Viazi vitamu Pangani: majani tele, viazi hakuna

Shamba la Pwani: Wakuu, miezi minne sasa marando yamefunika matuta yote, lakini chini ni mizizi myembamba kama vidole. Vichache vilivyonenepa vimetobolewa. Nakosea wapi?

Mzee wa Matuta: Samadi au urea imezidi, mkuu. Zina naitrojeni, na ikiwa nyingi hulisha majani badala ya viazi. Msimu ujao inua tuta sentimita 30 hadi 40, maji ya masika yasituame. Kata marando ya sentimita 30 upande wa ncha, fukia pingili tatu.

Tembele: Hivyo vitundu ni vya fukusi, mdudu anayetoboa viazi. Hupenyea kwenye nyufa za tuta, kwa hiyo pandishia udongo kila unapopasuka. Kiazi chenye fukusi ni kichungu na kinanuka. Hata ng'ombe usimpe, kina sumu.