Naomba ushauri: umbali wa angani Mtwara hadi New York

Habari za jioni wakuu, na shikamooni wakubwa zangu. Nipo Mtwara, nafundisha hisabati kidato cha nne. Tumefika mada ya dunia kama tufe, na wanafunzi wameng'ang'ania kujua ndege ikitoka uwanja wetu hadi JFK, New York, itakata kilomita ngapi. Swali zuri sana, sitaki liishie hewani.

Mtwara nimechukua 10°S, 40°E. New York 41°N, 74°W. Kanuni ya kitabuni inafaa viwanja vikiwa latitudo moja au longitudo moja, na hapa vyote vinatofautiana. Kwa Pythagoras, digrii 51 na 114, kila digrii kilomita 111, napata kama 13,860. Lakini nikivuta uzi juu ya tufe la darasani unakuja mfupi, hata 13,000 haufiki, tena unakatiza Sahara!

Naombeni msaada: kuna kanuni gani ya njia fupi ambayo wanafunzi wataimudu kwa majedwali tu, bila kikokotoo? Na nusu kipenyo cha dunia nishike 6,400 au 6,371?

Natanguliza shukrani.